Mguu Uleule, Jibu Lilelile: Jinsi ya Kutengeneza Pedeli za Mbio za Kompyuta Zitakazokujengea Jina

Anza na breki. Usukani utakuja baadaye, kiti kitakuja baadaye, na rangi ya kupaka ndiyo ya mwisho kabisa. Dereva wa mbio za magari za kompyuta anapata muda na kupoteza muda kwenye breki kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo karakana yenye mtu mmoja na keekee moja inaweza kumpa kitu kitakachomfanya alitaje jina lako mbele ya wenzake.

Natengeneza pedeli, na haya ninayoandika ni yale niliyotamani mtu aniambie kabla sijakata bamba la kwanza. Nimemlenga fundi anayetaka kuuza, si anayejitengenezea seti moja ya chumbani. Kwa hiyo mambo ya chuma na nyaya yamo, na ya daftari na barua yamo pia, maana vyote hivyo vinaingia kwenye jina lako.

Kwa nini breki ipime nguvu

Pedeli zangu za kwanza nilizinunua. Ndani ya breki mlikuwa na potenshomita, kifaa cha aina ileile inayopunguza na kuongeza sauti kwenye redio za zamani: ncha ya chuma inakwaruza juu ya utepe wa kaboni, na bodi inasoma ncha imefika wapi. Utepe ukichakaa, vumbi lake linatapakaa na namba zinaanza kurukaruka. Uko kwenye sehemu iliyonyooka, mguu umezama kwenye mafuta, na gari linajigusa breki lenyewe. Dawa ya tatizo hilo ni kuweka sumaku na kihisi cha Hall, kinachosoma sumaku inavyosogea, ambacho hakigusani na kitu na hivyo hakiliki. Ni dawa ya kweli, na kwenye pedeli za mafuta na klachi ninaitumia mpaka leo.

Kwa breki haitoshi, kwa sababu kihisi cha Hall nacho, kama potenshomita, kinapima mguu umekwenda umbali gani. Fanya jaribio hili kabla hujanunua hata bolti moja. Kaa kitini, fumba macho, sukuma mguu mbele sentimita tatu, urudishe, kisha sukuma tena sentimita tatu zilezile. Rudia mara tano huku mtu akikupimia kwa rula. Sasa egemeza mizani ya bafuni ukutani, uisukume kwa mguu hadi kilo 30 mara kadhaa ukiwa unaangalia, halafu ufumbe macho ujaribu kuzirudia. Kwenye umbali utatangatanga. Kwenye nguvu utajikuta unarudi karibu na palepale, kwa kuwa msuli unaijua nguvu yake kuliko unavyojua umbali. Gari la kweli nalo ni hivyo hivyo: pedi zikishaishika diski, pedeli haiendi mbali tena, ni wewe na nguvu ya paja lako tu.

Kwa hiyo breki yako itumie lodi seli, yaani kihisi cha uzito cha aina iliyomo ndani ya mizani ya kielektroniki. Ni kipande cha alumini au chuma kilichobandikwa vijinyuzi vya foili. Chuma kikinyumbuka kidogo, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, foili inavutika na ukinzani wake wa umeme unabadilika. Foili nne zikiungwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone zinakupa tofauti ndogo ya volti inayofuata nguvu ya mguu.

Hesabu ya mkono wa pedeli

Hapa mafundi wengi wanakosea, na kosa lake halionekani mpaka kifaa kiwe kwa mteja.

Tuseme kutoka kwenye pini inayobeba mkono hadi pale mguu unapokanyaga ni milimita 200, na kutoka kwenye pini hiyo hadi pale fimbo ya kusukuma kihisi inapofungwa ni milimita 60. Gawanya: unapata 3.33. Dereva akikanyaga kwa kilo 60, kihisi kinapokea kilo 200. Ukiwa umeweka lodi seli ya kilo 200, umeshafika mwisho wake, na mtu anayeshtuka kwenye kona atakanyaga zaidi ya hapo. Sogeza fimbo hadi milimita 80: uwiano unashuka kuwa 2.5, na kilo 60 za mguu zinakuwa 150 kwenye kihisi. Hapo una nafasi ya kupumua. Ongeza na kizuizi cha chuma kinachoushika mkono kabla kihisi hakijazidiwa, kwa kuwa foili ikishavutwa kupita kiasi hairudi sifuri tena, na hakuna programu itakayoirekebisha.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo linakuja suala la ukweli. Utaona pedeli zinatangazwa kuwa ni za kilo 200, na mnunuzi anadhani zinaweza kubeba kilo 200 za mguu wake, kumbe hiyo ni namba iliyopigwa chapa kwenye lodi seli. Wewe andika nguvu ya mguuni, na uandike kwamba ni ya mguuni. Namba yako itaonekana ndogo ikiwekwa kando ya za wengine. Iache hivyo. Mimi nimeandika kilo 60 tangu seti ya kwanza, na wanunuzi waliokuja kuniuliza kwa nini ni ndogo nimewaeleza mmoja mmoja hesabu ya milimita 200 na 80. Wengi wao walinunua, na maelezo hayo wakawapa wengine.

Pini na bushi zake zichukue muda wako. Shika mkono wa pedeli kwenye ncha ya juu, utikise kushoto na kulia. Ukisikia mlio wa "tak", dereva ataisikia kupitia soli ya kiatu kila anapoiachia breki. Mimi hutumia bushi mbili za shaba zilizoachana kadiri upana wa pedeli unavyoruhusu. Zikikaribiana sana, hata bushi nzuri itacheza ncha ya juu. Beringi za gololi zinafaa pia, ila zichague zilizofungwa pembeni, kwa sababu pedeli inakaa sakafuni na vumbi lote la chumba linaishia hapo.

Fimbo inayosukuma lodi seli iwe na boljointi, yaani kiungo cha tufe kinachogeuka pande zote, ncha zote mbili. Mkono wa pedeli unazunguka, na fimbo iliyofungwa kikiki itakisukuma kihisi na wakati huohuo kukipinda. Kihisi hakijui kutofautisha, kitakusomea vyote, na breki itakuwa na tabia moja ukikanyaga na nyingine ukiachia.

Waya nne

Lodi seli nyingi zina nyaya nne: nyekundu na nyeusi za kuingiza umeme, kijani na nyeupe za kutoa ishara. Usiziamini rangi, wapo wanaozibadilisha. Chukua multimita upime ukinzani: kati ya nyaya mbili za ishara nyingi huonyesha karibu omu 350, na kati ya zile za umeme mara nyingi zaidi kidogo ya hapo. Ukigeuza kijani na nyeupe hakiharibiki kitu, namba zitashuka tu badala ya kupanda unapokanyaga.

Ishara yenyewe ni ndogo mno. Kihisi cha kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayokilisha, kikiwa kimebebeshwa uzito wake wote. Kilishe volti 5, upate milivolti 10. Kwa kilo 150 kwenye kihisi cha 200, ni milivolti 7.5. Hiyo ndiyo breki yako nzima, kuanzia kugusa hadi tairi kujifunga. Lazima ikuzwe.

Wengi huanza na bodi ndogo ya HX711, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizani, na hata mimi nilianza nayo. Ina biti 24, ni tulivu, inapatikana kila mahali. Lakini isome vizuri: ina kasi mbili, usomaji 10 kwa sekunde au 80, na bodi nyingi zinauzwa zikiwa zimefungwa kwenye 10. Kwa mizani ya kupimia unga ni sawa. Kwa breki, fikiria gari liko kilomita 200 kwa saa. Linakata mita 55 na nusu kila sekunde. Ukisoma mara 10, kati ya usomaji na usomaji gari limekwenda zaidi ya mita tano na nusu, na yote hayo mguu wako umebadilika bila mchezo kujua. Ukisoma mara 80, ni chini ya mita moja. Mguu wa chipu unaochagua kasi unaitwa RATE. Kwenye bodi nyingi umeunganishwa na hasi, na itabidi uuinue kwa ncha ya chuma cha kulehemu na kuupeleka kwenye chanya. Ni kazi ya dakika mbili chini ya kioo cha kukuzia, ila bila hiyo unauza mizani yenye umbo la pedeli. Baadaye nilihamia kwenye amplifaya ya vyombo vya kupimia ikifuatiwa na kigeuzi cha ADS1115, kinachogeuza ishara kuwa namba, chenye biti 16 na uwezo wa kusoma hadi mara 860 kwa sekunde, na dereva niliyempa vyote viwili bila kumwambia kipi ni kipi alitofautisha pale alipokuwa anaachia breki taratibu akiingia kona, si pale alipokuwa anakanyaga.

Upande wa kompyuta, tumia kidhibiti chenye USB yake chenyewe, kama ATmega32U4 iliyomo kwenye bodi ya Arduino Leonardo, ili kompyuta ikione kama kifaa cha michezo bila kusakinisha chochote. Ipe bodi jina lako na namba yake ya pekee isiyobadilika. Dereva ambaye mchezo wake unasahau pedeli zake kila anapochomoa waya hatasema ni kosa la mchezo.

Kuna jambo moja dogo lililowahi kunigharimu. Programu yangu ya kwanza ilichukua sifuri yake pale bodi inapowashwa. Mteja alikuwa na kawaida ya kuweka miguu juu ya pedeli huku kompyuta ikiwaka. Kwa hiyo uzito wa mguu wake ukawa ndio sifuri, na kila mara alilalamika kwamba breki ya jana siyo ya leo. Nilijaribu vihisi vitatu kabla sijamwomba anieleze anavyokaa. Siku hizi sifuri imehifadhiwa ndani ya bodi, inabadilishwa kwa kubonyeza kitufe kwa sekunde tatu, na programu inaruhusiwa kusahihisha tu kule kusogea kidogo kunakoletwa na joto na baridi.

Kelele za umeme nazo zisikupite. Usukani wa mota ya moja kwa moja, ule ambao mota inaushika usukani bila mikanda, unavuta mkondo mkubwa kwa mapigo ya haraka, na milivolti 7.5 zikipita jirani yake zitachafuka. Weka amplifaya kwenye pedeli yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye kihisi, ili waya mrefu ubebe ishara iliyokwisha kukuzwa. Waya uwe wenye wavu wa kinga, na wavu huo uunganishe na hasi upande mmoja tu. Ukiuunganisha pande zote mbili unatengeneza njia ya mkondo kuzunguka, na kelele inazidi badala ya kupungua.

Mpira, au namna breki inavyojisikia

Kuhusu hisia ya mguu, kila dereva ana dini yake, na sitakuambia ipi ni ya kweli. Ninachoweza kukuambia ni mpangilio unaoridhisha wengi: springi laini fupi mwanzoni, milimita tano hivi, kuiga pengo la pedi kabla hazijashika, kisha mpira mgumu wa poliyurethani unaobeba kazi yote. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Mpira wa 60 ni wa mguu mwepesi, 90 ni karibu na ukuta. Mpe mteja mipira mitatu ya ugumu tofauti na uhakikishe anaweza kuibadilisha kwa bisibisi moja au spana moja, bila kulifungua lote.

Ujue pia kwamba mpira unalala. Ukikandamizwa siku nyingi haurudi kimo chake chote, na kwenye baridi unakuwa mgumu zaidi. Uzuri wa lodi seli ni kwamba hilo halibadilishi hesabu: mpira ukilala, mguu utazama kidogo zaidi, ila kilo 40 zitabaki kuwa kilo 40. Hii ndiyo sababu kubwa ninayompa kila anayeniuliza kwa nini nisitumie tu kihisi cha umbali juu ya mpira mgumu, njia iliyo rahisi zaidi kutengeneza. Njia hiyo inafanya kazi vizuri siku ya kwanza, na kila mpira unavyolala breki inahama.

Itese kabla ya kuiuza

Dereva anayekanyaga breki mara kumi kwa mzunguko, mizunguko thelathini kwa jioni, anakanyaga mara 300. Jioni 200 kwa mwaka ni mara 60,000. Pedeli yako ikanyagwe angalau 100,000 kabla mtu hajailipia. Nilichukua mota ya kipangusa kioo cha gari, nikaifunga gurudumu lililotobolewa kando ya katikati, na fimbo inayosukuma pedeli mara moja kila sekunde mbili. Mara 100,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 55, siku mbili na ziada, usiku na mchana. Kelele yake inachosha, ila inasema kweli.

Katika jaribio la kwanza, nati ya pini ilianza kulegea kabla ya siku ya kwanza kuisha. Sikuiona kwa macho. Niliisikia, mlio wa kukanyaga ulibadilika kutoka "dup" kuwa "dup-tik". Nikaweka nati yenye plastiki ndani, inayobana hesi. Jaribio la pili mkono ulipasuka pale nilipochomelea, ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye kona kali ya kipande cha kutilia nguvu. Nikaizungusha kona, nikaacha kuchomelea hadi ukingoni. Jaribio la tatu lilifika mwisho. Kama ningeuza baada ya la kwanza kwa sababu nati nimeshaibadilisha, ule ufa ungetokea kwa mtu mwingine.

Ukimaliza, pima kila seti na uiandikie kadi. Mimi nafunga pedeli kwenye fremu, naweka jeki ndogo ya gari na mizani iliyokaguliwa katikati, nasukuma hadi kilo 20, 40 na 60, naandika bodi inasoma ngapi ya asilimia. Kisha narudi nyuma, 60, 40, 20, naandika tena. Namba za kupanda na za kushuka zikiachana, kuna msuguano mahali, na msuguano huo ndio utakaomnyima dereva ile breki ya kuachia taratibu. Kadi moja inaingia kwenye boksi, nakala inabaki kwenye daftari pamoja na namba ya seti. Inakula nusu saa kwa seti. Hakuna nusu saa nyingine katika kazi yangu iliyonirudishia zaidi.

Wapi jina linapoanzia

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila kwenye vifaa hivi chema hakijiuzi mpaka kiwe kimekaa chini ya miguu ya watu muda mrefu, na muda huo ndio unaowashinda wengi. Wanaongeza usukani, wanaongeza breki ya mkono, wanaongeza paneli ya vitufe, kabla breki ya miguu haijasimama. Watazame waliotangulia. Heusinkveld ya Uholanzi watu waliijua kwa pedeli. Bodi ndogo za USB za Leo Bodnar wa Uingereza zimetumika ndani ya vifaa vya mafundi wengi wa majumbani. Granite Devices ya Ufini ilikuwa ikitengeneza vidhibiti vya mota za servo; wapenzi wa mbio wakavichukua, wakavifunga na mota za viwandani kujitengenezea usukani wa moja kwa moja, na kutoka kwenye njia hiyo ndipo ikaja Simucube, usukani wao wa moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa na sehemu moja anayoijua kuliko watu wote, na wateja walikuja kwa sehemu hiyo.

Seti yako ya kwanza usimpe mtu maarufu. Mpe dereva mzito, mwenye maneno machache, anayeendesha kila siku, na umwombe kitu kimoja: akuambie siku ambayo breki imemfanya afikirie breki. Siku ambazo haifikirii, kazi yako imefanyika. Wangu aliniandikia baada ya wiki tatu, mstari mmoja, kwamba kisigino kinateleza. Sikuwa nimefikiria kisigino kabisa. Nikaongeza bamba la kuwekea kisigino linalosogezwa mbele na nyuma, na sasa ndiyo sehemu inayosifiwa na wengi kuliko vyote nilivyohangaika navyo.

Na sasa nieleze kundi la pili, seti tisa.

Zilikuwa zimeshatoka zote. Mteja mmoja akaandika kwamba breki inakatika, ila pale tu anapokanyaga hadi mwisho. Nikamwomba airudishe kwa gharama yangu. Ilipofika, mezani ilikuwa nzima. Multimita ilionyesha omu zilezile za kwenye daftari. Nikaifunga kwenye fremu nikaisukuma kwa jeki, 20 sawa, 40 sawa, na ilipokaribia 60 namba zikaanguka hadi sifuri. Nikaiacha pale pale chini ya mzigo, nikachukua tochi. Waya wa kijani ulipita kwenye ukingo wa bamba. Mkono ukiwa umelala kabisa, bamba liliubana. Ganda la plastiki lilikuwa limelika urefu wa punje ya mchele, na ndani yake nyuzi za shaba ziling'aa, zikigusa chuma.

Kibanio cha waya nilikifunga mimi, tena sentimita moja kutoka mahali pake. Kwenye kundi la kwanza nilikuwa nimekifunga vizuri bila kujua kwamba ni muhimu, na kwa sababu hiyo sikukiandika kwenye mchoro.

Wateja wengine wanane hawakuwa wamelalamika. Nikawaandikia wote siku hiyo hiyo: kosa ni nini, ni langu, litatokea lini, na wafanye nini jioni hiyo ili lisitokee, yaani kulegeza bolti mbili, kuusogeza waya upande wa ndani, kufunga. Nikaambatanisha picha ya ule waya uliolika, karibu kabisa, pamoja na kidole changu ili waone ukubwa. Kisha nikamtumia kila mmoja kihisi kipya chenye kibanio sahihi, hata wale ambao waya wao ungekuwa bado mzima. Mwezi huo sikubaki na kitu.

Fanya hivyo na wewe siku yako itakapofika, na fanya kabla hujaulizwa. Usiandike "baadhi ya wateja wanaweza kukumbana na". Andika namba za seti. Andika neno kosa. Weka picha mbaya zaidi uliyonayo, kwa sababu picha ya kupunguza makali itagunduliwa na fundi wa kwanza atakayefungua kifaa chake. Katika wale tisa, sita walikuja kunirudia kununua klachi, na oda nyingi za mwaka uliofuata zilianza na maneno ya namna moja: nimetumwa na fulani, alinionyesha ile barua yako.

Mengine ni madogo, nayapitia haraka. Tumia bolti za saizi mbili tu, M6 na M8, zinazopatikana popote, ili mteja asikungoje wewe kwa bolti. Mchoro wa kila kipande mpe aliyenunua. Mkono wa pedeli ni mzito na utatoboa boksi ukiwa njiani, kwa hiyo ufunge ukiwa umelala na uweke povu gumu mbele yake, kisha uangushe boksi kutoka kimo cha kiuno kwenye kila kona kabla hujaamini ufungaji wako. Usichukue pesa za seti ambayo vyuma vyake havijakatwa. Foleni ikirefuka, sema ni wiki ngapi, na ukichelewa sema kabla ya tarehe, si baada yake.

Vipuri viwe rafuni miaka yote utakayokuwa kazini. Majuzi ilirudi seti ya kundi lile la kwanza, ya yule dereva mzito. Aliomba mipira mipya tu. Ile ya zamani ilikuwa imelala, imetanuka pembeni kama uyoga, na pedeli ilikuwa inazama karibu milimita nne zaidi ya ilivyotoka. Kabla ya kuifungua niliiweka kwenye fremu na jeki, nikatoa daftari. Kilo 20, kilo 40, kilo 60, kisha kurudi nyuma. Nikaziandika namba kwenye kadi yake ileile, mstari wa pili chini ya wa kwanza, na mistari hiyo miwili ilipishana kwa asilimia moja mahali pamoja tu, pale kwenye 20 wakati wa kushuka. Nikasafisha bushi, nikatia grisi, nikapima tena mpaka ikalingana, nikafunga boksi.